Majina Yaliyokosa Tarehe

Kila Jumatatu asubuhi Winifrida na mumewe Tharsisi waliondoka nyumbani pamoja. Tharsisi alisukuma baiskeli. Winifrida alitembea pembeni yake na mwavuli. Wote wawili walikuwa wakienda kwenye kituo kidogo cha wagonjwa wa kifafa, Kasulu mjini.

Kazi zao zilishikana. Winifrida alikuwa karani. Aliingiza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta, kisha akachapa orodha ya wiki. Tharsisi alikuwa mmoja wa wahudumu watano wa kujitolea. Alipokea orodha, akafunga dawa kwenye mfuko wa plastiki, akapanda baiskeli kuelekea kijijini Makere. Watu wa huko walimwita daktari. Alikataa mpaka akachoka kukataa.

Dawa za kifafa humezwa kila siku. Mgonjwa akiziacha ghafla, kifafa humrudia, na mara nyingi humrudia kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwa hiyo watu wa vijijini walipelekewa dawa nyumbani kabla za zamani hazijaisha. Jina likiwa kwenye orodha, dawa zilifika. Jina lisipokuwapo, Tharsisi hakuwa na sababu ya kusimama.

Kwa kawaida orodha ilikuwa na majina ishirini hivi. Mwanzoni mwa Novemba ikatoka na majina manane. Winifrida aliishika karatasi, akaigeuza nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

Alimwonyesha muuguzi mkuu wa kituo, Mzee Anania.

"Wengi tuliwapa dawa za miezi mitatu," Anania alisema. "Ndiyo maana wamepungua."

Maelezo hayo yalitosha. Ulikuwa msimu wa kupanda maharage. Wiki hiyo Tharsisi alirudi nyumbani mapema akalima mpaka jioni, na Winifrida alifurahi. Wiki iliyofuata majina yalikuwa saba. Wiki ya tatu pia yalikuwa saba.

Alhamisi ya wiki hiyo ya tatu Tharsisi alirudi kutoka Makere akiwa amelowa. Hakuvua viatu. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akatazama sakafu.

"Baba Fidele, unaumwa?" Winifrida aliuliza.

"Esteri ameungua," alisema.

"Esteri yupi?"

"Yule wa karibu na kisima. Mwenye mtoto wa kike mmoja. Jana alikuwa anapika ugali wa muhogo. Kifafa kikamwangusha kwenye mafiga. Mkono wa kulia ulikaa motoni mpaka mama yake alipotoka shambani. Wamempeleka hospitali ya Kabanga."

Winifrida aliweka chini bakuli alilokuwa nalo. "Lakini Esteri ana dawa. Mwaka mzima hajaanguka."

"Dawa zake ziliisha. Mama yake anasema siku kumi na tatu alikuwa hana kidonge hata kimoja." Tharsisi alijifuta uso. "Wiki mbili zilizopita nilipita mlangoni kwake. Alikuwa amesimama nje. Akanipungia mkono. Nami nikampungia, nikaenda zangu. Hakuwa kwenye orodha, Mama Fidele. Niliitazama orodha."

Asubuhi ya Ijumaa Winifrida alifika kituoni kabla ya wote. Aliwasha kompyuta, akafungua fomu ya wagonjwa, akatafuta jina la Esteri. Lilikuwapo. Kijiji kilikuwapo. Tarehe ya kupewa dawa ilikuwapo: tarehe nane Oktoba. Siku za dawa: thelathini. Akateremka mpaka chini kabisa ya fomu, mahali ambapo kwa kawaida hakuwa akifika. Kisanduku cha tarehe ya kurudi kilikuwa cheupe. Hakikuwa na hata tarakimu moja.

Akafungua mgonjwa mwingine wa mwezi huo. Cheupe. Mwingine tena. Cheupe.

Ndipo alipokumbuka kile kisanduku cha ujumbe. Tangu Oktoba, kila alipobonyeza kitufe cha "Hifadhi", ujumbe ulijitokeza kwa Kiingereza kirefu. Chini ya maneno hayo kulikuwa na kitufe kimoja tu kilichokubali kubonyezwa, cha kusimamisha kila kitu. Mara ya kwanza aliogopa. Alikibonyeza, ujumbe ukaondoka, na jina la mgonjwa likabaki. Akaona hakuna kilichoharibika. Tangu siku hiyo alikuwa akikibonyeza bila kusoma, kama mtu anayefukuza nzi.

Anania alipofika, Winifrida alimweleza yote akiwa amesimama. Mzee yule alivua miwani. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa miaka.

"Jaza tarehe ya huyo Esteri," alisema kwa sauti ya chini. "Weka Novemba tarehe saba. Wakaguzi wakija wasikute pengo."

"Nikijaza leo, itaonekana alikuwa kwenye orodha," Winifrida alijibu. "Itaonekana Tharsisi alipewa jina lake akapita."

Anania alifuta miwani kwa ncha ya shati.

"Na wengine, mzee? Yeye ndiye tumemsikia kwa sababu ameungua. Wako wengine ambao hatujawasikia."

Mzee Anania alirudisha miwani usoni. Ilichukua muda. "Basi mpigie simu mtu anayejua hivi vitu," alisema. "Mimi sivijui."

Winifrida alimjua mtu mmoja. Kabla hajaolewa, alikuwa akikaa kwao Kibondo, na pale mjini alisoma kompyuta kwa miezi mitatu kwa mwanamke anayeitwa Mwanaheri. Mwanaheri alikuwa na duka la kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Wazazi wake walitoka Tanga, yeye alizaliwa Kibondo, na alikuwa hodari wa kufundisha kuliko walimu wengi wenye vyeti ukutani.

"Nikutumie faili kwa simu?" Winifrida aliuliza baada ya kumweleza.

"Usitume," Mwanaheri alisema. "Majina ya wagonjwa hayatumwi kwa simu. Tena usishike makro bado."

"Makro ni nini, dada?"

"Kile kitufe chako cha Hifadhi kina maagizo nyuma yake. Fanya hili, halafu lile, halafu lile. Mfuatano huo wa maagizo ndio makro. Tutauangalia. Kwanza tuwatafute watu. Umefungua fomu? Bonyeza kisanduku cha tarehe ya kurudi kwa upande wa kulia wa mausi. Itatokea orodha. Chagua vilivyo tupu."

Winifrida alifanya hivyo. Chini ya skrini ikatokea namba. Aliisoma mara mbili kabla ya kuitamka.

"Tisini na watano."

Mwanaheri aliirudia namba ile. "Sawa," alisema. "Kompyuta haiwezi kupanga wiki ya mtu asiye na tarehe. Haimhesabu. Haiwezi hata kukuambia kwamba imemwacha. Sasa chukua kalenda ya ukutani na kalamu. Kesho uniletee hiyo mashine Kibondo. Nataka kulitazama kosa kwenye kompyuta ileile."

Anania na Winifrida walikaa mezani na kalenda. Mmoja alisoma tarehe ya kupewa dawa, mwingine akahesabu siku. Walikuta watu thelathini na wanane ambao dawa zao zilikuwa zimeisha, au zilikuwa zinaisha wiki hiyo. Winifrida aliandika majina yote kwa mkono. Kufika adhuhuri wahudumu wote watano walikuwa wameitwa. Tharsisi alipewa majina tisa ya Makere. Alisoma majina yale polepole, akakunja karatasi, akaiweka ndani ya shati ili isilowe. Mvua ilikuwa inanyesha. Alipanda baiskeli, akaondoka.

Kesho yake alfajiri Winifrida alipanda basi la Kibondo na kompyuta mapajani, ameifunga kwa kitenge kama mtoto. Alikataa kuiweka kwenye buti.

Mwanaheri alimkaribisha kwa chai ya tangawizi. Alifunga nusu ya mlango wa duka ili wateja wasiingie, akaunganisha nyaya.

"Kabla ya yote, tunatoa nakala," alisema. "Faili likiharibika mikononi mwetu, tubaki na jingine." Alinakili faili, akalipa jina lenye tarehe ya siku ile. "Hii nakala hatuigusi. Utarudi nayo Kasulu. Haya, fanya kama unavyofanya kazini."

Winifrida alifungua fomu, akajaza mgonjwa wa uongo, akabonyeza Hifadhi. Ujumbe ukajitokeza. Kidole chake kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kusimamisha.

Mwanaheri alimshika mkono. "Hapana. Leo tunasoma."

"Ni Kiingereza, dada."

"Ni maneno machache tu. Hapa juu imetaja makro iliyokwama. Hapa imetaja agizo lililoshindikana: kuweka thamani kwenye kisanduku. Hapa imetaja namba ya kosa. Na hapa chini imesema haikioni kitu kinachoitwa Siku. Andika yote kwenye daftari. Kama kuandika ni kazi, piga picha skrini kwa simu. Ukinipigia ukaniambia 'kompyuta imegoma', sina la kufanya. Ukinisomea hivi vitu, nina pa kuanzia."

Winifrida aliandika.

"Ulibonyeza kitufe hiki mara ngapi?" Mwanaheri aliuliza.

"Tisini na tano."

Mwanaheri hakumlaumu wala hakumfariji. Alivuta kiti karibu. "Kosa lilianza lini? Na siku hiyo nini kilibadilika? Kitu kilichokuwa kinafanya kazi miaka miwili hakiamki kikaacha."

Winifrida alifikiri. "Mwanzoni mwa Oktoba alikuja mtaalamu wa takwimu. Alikaa saa mbili. Alisema majina ya safu zetu ni mafupi mno, hayaeleweki kwenye ripoti. Akayabadilisha."

"Safu hii ya Siku aliiitaje?"

Winifrida alitazama fomu. "Siku za dawa."

"Twende tukaone."

Mwanaheri alifungua makro yenyewe. Maagizo yalikuwa manne tu, moja chini ya jingine. Aliwasha njia ya kuyapitia hatua kwa hatua, kisha akabonyeza Hifadhi tena. Safari hii kompyuta ilisimama baada ya kila agizo na kungoja. Agizo la kwanza likapita. La pili likakwama.

"Soma hilo la pili," alisema.

"Weka tarehe ya kurudi. Chukua tarehe ya kupewa, jumlisha Siku."

"Siku iko wapi?"

Winifrida alitazama. Haikuwapo. Ilikuwapo Siku za dawa.

"Mtaalamu wako alibadilisha jina kwenye safu na kwenye fomu," Mwanaheri alisema. "Ndani ya makro hakugusa. Makro inaita jina la zamani, hakuna anayeitika, inakata tamaa. Agizo la tatu lilikuwa la kuhifadhi, la nne lilikuwa la kufungua fomu mpya. Hayakufikiwa."

"Lakini majina yalihifadhiwa."

"Kwa sababu ulibonyeza mshale kwenda kwa mgonjwa mwingine. Ukiondoka kwenye mgonjwa, programu humhifadhi yenyewe na vilivyojazwa. Kisichojazwa kinabaki tupu. Zamani hukuwahi kukiona kisanduku kile kikijazwa, maana fomu ilikuwa inafunguka mpya palepale. Ndiyo maana hukujua kwamba kimeacha kujazwa."

Alifuta neno Siku ndani ya makro, akaandika Siku za dawa ndani ya mabano yake, herufi kwa herufi. Akahifadhi. Akazima ile njia ya hatua kwa hatua. Winifrida akabonyeza Hifadhi. Fomu ikafunguka mpya, bila ujumbe. Walirudi nyuma kwa mgonjwa wa uongo. Tarehe ya kurudi ilikuwapo. Walihesabu kwa vidole kwenye kalenda ya duka, wakakuta ni sahihi. Kisha wakamfuta mgonjwa yule ili asije akapelekewa dawa.

Kazi nzima haikufika nusu saa. Winifrida alikaa akitazama skrini. Alikuwa amejiandaa kwa kitu kikubwa.

"Ni neno moja tu," alisema.

"Ni neno moja."

Winifrida aliinamisha kichwa, akalia. Mwanaheri alimwacha alie. Alikwenda mlangoni akamwambia mteja arudi baadaye, kisha akaja kukaa tena.

"Sikiliza, mdogo wangu. Bado hatujamaliza. Makro imepona, lakini haitarudi nyuma kujaza zile tisini na tano. Utafungua mgonjwa mmoja mmoja, ulinganishe na karatasi yake, ubonyeze Hifadhi upya. Na nitakuongezea kitu juu ya orodha ya wiki. Mstari mmoja utakaohesabu wasio na tarehe. Ukiona namba yoyote zaidi ya sifuri, hakuna baiskeli inayoondoka mpaka umejua ni nani."

"Na mtu akija tena kubadilisha majina?"

"Atoe nakala kwanza. Akimaliza, mbonyezeshe kila kitufe mbele yako kabla hajaondoka. Asikuage kwa maneno."

Winifrida alirudi Kasulu siku hiyohiyo. Jumapili baada ya ibada alifungua kituo, akafanya kazi mpaka giza likaingia. Jumatatu akaendelea. Kila alipobonyeza Hifadhi alirudi nyuma kuangalia kisanduku cha chini. Jumanne mchana tisini na watano wote walikuwa na tarehe.

Wahudumu nao walileta majibu. Kati ya wale thelathini na wanane, thelathini na saba walikuwa wamepatikana. Mmoja alikuwa amehamia Uvinza na hakuna aliyekuwa na namba yake. Wanne walikuwa wameanguka katika siku zile. Mmoja alipasuka kichwa, akashonwa. Mwingine aliachishwa kazi kwenye mashine ya kusaga. Anania aliandika yote kwenye ripoti kwa mkono wake, pamoja na tarehe ambazo kosa lilianza na kugunduliwa. Hakumpa Winifrida aisahihishe. Aliisaini, akaituma.

Alhamisi Winifrida na Tharsisi walikwenda Kabanga. Esteri alikuwa wodini, amelalia ubavu. Madaktari walikuwa wamekata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mama yake alikuwa ameketi chini na bakuli la uji ambalo halijaguswa.

"Mwakeye," Winifrida alisalimia kwa Kiha. Waliitikia. Akapiga magoti karibu na kitanda.

Alimweleza Esteri yote. Kwamba jina lake liliachwa. Kwamba kompyuta ilitoa onyo, na yeye Winifrida ndiye aliyelifunga bila kulisoma. Kwamba Tharsisi hakujua. Hakutafuta maneno mazuri. Esteri alimsikiliza akitazama ukuta.

Baadaye akasema, "Nilimwona daktari akipita. Nilidhani amenichoka."

Tharsisi alitoka nje. Walimsikia akikohoa barazani kwa muda mrefu.

"Hajakuchoka," Winifrida alisema.

"Basi nimesikia." Esteri alifumba macho. "Wengine je?"

"Wamefikiwa. Kasoro mmoja, bado tunamtafuta."

Mama yake Esteri alimshukuru Winifrida kwa kuja, kwa sauti isiyo na shukrani, na Winifrida aliona mama huyo ana haki.

Desemba ilipita, na mvua zake. Orodha ilirudi kwenye majina ishirini. Juu yake palikuwa na ule mstari mpya, na kila Jumatatu Winifrida aliusoma kwa sauti mbele ya wahudumu kabla ya kugawa dawa. Mara moja ulionyesha mbili. Baiskeli zote zilisubiri uani. Alifungua fomu akakuta wagonjwa wawili aliosahau kuwajazia siku. Aliwajaza, akachapa upya, ndipo wahudumu wakaondoka. Ujumbe wa makosa ulitokea mara moja tu, katikati ya Januari. Hakuugusa. Aliandika makro iliyotajwa, agizo lililokwama na namba yake, kisha akampigia Mwanaheri akiwa na daftari mkononi. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamelitatua. Hakuna jina lililopotea.

Wiki hiyohiyo Winifrida alipanda nyuma ya baiskeli ya mumewe mpaka Makere. Esteri alikuwa amesharudi nyumbani. Alikuwa ameketi mlangoni, mkono wa kulia ameufunika kwa khanga. Mama yake ndiye aliyekuwa akipika sasa, na mafiga yalikuwa yamezungushiwa ukuta mdogo wa udongo, kama Tharsisi alivyowashauri.

Tharsisi alimhesabia vidonge mbele yake. Kisha akatoa karatasi ya kupokelea. Mama yake Esteri akanyoosha mkono amsainie.

"Ngoja," Esteri alisema. "Nionyeshe jina langu kwanza."

Winifrida alimshikia karatasi. Esteri alipitisha macho juu mpaka chini, jina kwa jina, akafika la tisa. Alilisoma. Akasoma na tarehe iliyokuwa mbele yake. Kisha akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaiweka juu ya karatasi, akaanza kuandika herufi ya kwanza. Ilipinda. Akaifuata na ya pili.

Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.